Skana ya vitabu ipimwe kwa kitabu, si kwa karatasi

Mhariri,

Katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu kuhifadhi vitabu vya zamani kwenye kompyuta, mwandishi aliwashauri wasomaji wachague skana kwa kuangalia inamaliza kurasa ngapi kwa dakika, akasifu zile zinazofikisha 40. Ushauri huo unaifaa ofisi yenye mafaili. Mwenye vitabu unampotosha, kwa sababu mashine hizo hulishwa karatasi zilizo huru, na ili kitabu kipite humo sharti kwanza kikatwe mgongo. Mimi nimerithi kabati la vitabu vya marehemu baba, vingine vikiwa na maandishi ya mkono wake pembeni mwa kurasa, na sina moyo wa kuvipeleka kwenye kisu cha steshenari.

Nilianza na skana ya kioo, ambayo kitabu hulazwa kifudifudi juu yake, na ambayo, kwa nukta 300 kwa inchi (kipimo cha uangavu wa picha), huchukua sekunde 25 kila inapopita. Kitabu cha kurasa 240, nikikilaza wazi ili kurasa mbili zichukuliwe kwa pamoja, huhitaji kupitiwa mara 120. Kukiinua, kufunua, kukigeuza na kukikandamiza huongeza sekunde 10 kila mara, hivyo kazi nzima ni dakika 70. Nikanunua nyingine ya sekunde 8, nikitarajia kumaliza kwa theluthi ya muda, lakini hesabu ikagoma kwenye dakika 36, kwa kuwa zile sekunde 10 za mikono hazikupungua hata moja.

Na hizo 36 zenyewe sikuzipata. Skana hiyo ni ya aina nyembamba inayopata umeme kwa waya wa kompyuta, nayo huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Maneno ya karibu na mgongo, ambako karatasi huinuka milimita chache, hutoka na ukungu, nami nikalazimika kurudia kurasa nyingi. Skana nene za kizamani, zenye lenzi ndani, huuvumilia mwinuko huo. Muuzaji hakunieleza, nami, kusema kweli, sikumuuliza.

Kwa kitabu chenye mgongo dhaifu sasa naona heri kamera inayotazama kutoka juu, kwani kitabu hulala chali na mkono hufunua tu. Hata Internet Archive, shirika la maktaba ya mtandaoni ambao wamehifadhi vitabu vya maktaba nyingi, hukilaza kitabu kwenye kitako chenye umbo la V, hushusha kioo juu yake na kupiga picha kwa kamera mbili, na anayefunua kurasa ni mtu. Asiye na fedha za mashine anaweza kuanza na simu iliyofungwa kwenye stendi: kamera ya megapikseli 12, picha yake ikijazwa vizuri na kitabu ambacho kikifunuliwa hulingana na karatasi ya A4, hutoa nukta zaidi ya 300 kwa inchi, kiasi kinachozitosha programu za kutambua maandishi. Taa ya dari izimwe, maana huacha doa jeupe kwenye karatasi inayong'aa. Mimi hutumia mwanga wa dirisha wa asubuhi.

Naomba, Mhariri, mtakapoandika tena juu ya mashine hizi, mzipime kwa kitabu kizima, tangu jalada hadi jalada, na kurasa zilizorudiwa zihesabiwe.

Mwalimu mstaafu,
Tanga