Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EWURA: mafuta ya taa yana bei kikomo, gesi ya mtungi haina

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji,
Dodoma.

Poleni na majukumu. Sitazunguka sana.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mnatoa tangazo la bei kikomo, nami hulisoma ingawa sina gari wala pikipiki. Humo kuna petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kuna bei ya mafuta yaliyoshukia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha mji kwa mji hadi mipakani. Asiyeona gazeti mmemwekea *152*00# abonyeze apate bei ya alipo. Kituo cha mafuta mnakilazimisha kiweke bango la bei linaloonekana na dereva aliye barabarani, na kitoe stakabadhi kwa kila lita. Kazi hiyo mnaifanya vizuri, na nasema hivyo bila kejeli.

Gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Kwa hiyo mwenye jiko la mchina, la mafuta ya taa, nishati ambayo Serikali inataka tuiache, anajua bei ya juu kabisa anayoweza kudaiwa kwa lita moja. Mwenye mtungi wa gesi, nishati ambayo Serikali inatusihi tuhamie, hajui. Anadaiwa alichoamua muuzaji asubuhi hiyo. Nimejaribu kuelewa mantiki ya mpangilio huu na nimeshindwa.

Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Mwezi huohuo Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano mkubwa wa nishati safi ya kupikia Afrika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeelekezwa ziachane na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, inapeleka vijijini mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku. Wabunge wanagawa mitungi kwenye mikutano, picha zinapigwa, akina mama wanapiga vigelegele. Na mtungi wa bure ukiisha? Hapo ndipo mama anapokwenda dukani peke yake, bila mbunge na bila bei kikomo.

Mimi ni mpangaji Mbagala, napika chapati na maharage ya kuuza asubuhi. Nitawapa hesabu ya jikoni kwangu, maana nadhani takwimu zinazofika Dodoma zinaandikwa na watu wanaonunua mitungi mikubwa. Mtungi wa kilo 6 kwetu huku unajazwa kwa shilingi 24,000 hivi, siku nyingine 25,000. Wa kilo 15 unazunguka kwenye 56,000. Gawanya. Mwenye mtungi mdogo analipa 4,000 kwa kilo, mwenye mkubwa analipa kama 3,700. Anayeshindwa kutoa 56,000 kwa mkupuo ndiye anayelipa zaidi kwa gesi ileile, kutoka meli ileile. Ndiyo maana maharage bado nayachemshia mkaa, na gesi naiwekea chai na chapati. Majirani zangu karibu wote hufanya hivyo. Mkaa ni mbaya kwa kifua na kwa misitu, najua, lakini kopo la mkaa linanunuliwa kwa hela ya leo na unaliona limejaa au halikujaa. Anayehesabu kaya zilizohama kwa kuhesabu mitungi atapata asilimia 80 zake mapema kabisa, na moshi utabaki palepale.

Hapo kwenye kuona ndipo penye kidonda. Petroli inapita kwenye pampu yenye namba zinazokimbia mbele ya macho yako. Mtungi ni chuma kilichofungwa. Unapewa, unalipa, unaondoka. Kanuni zenu zinamtaka muuzaji awe na mizani ili mteja apimiwe kabla ya kulipa. Pitieni maduka ya mtaani mkiwa mmevaa kawaida, bila gari la Serikali, mwombe kupimiwa. Mtaambiwa mizani imeharibika, au imeazimwa, au mtaangaliwa tu usoni kama watu waliotoka mbali.

Mwaka jana mtungi wangu wa kilo 6 uliisha upesi mno, nikakasirika. Nilipojaza mwingine niliupitisha kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, maana yeye ana mizani na hana sababu ya kunidanganya. Tulisoma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma cha juu, pale pa kushikia, tukatoa. Gesi ilipungua karibu kilo moja. Mwenye duka akasema yeye anapokea hivyohivyo kwa wakala na lakiri haijaguswa. Wakala akasema niulize kampuni. Kampuni sitaitaja, kwa sababu hadi leo sijui mwizi ni nani kati ya hao watatu, na mfumo wenyewe umepangwa nisijue. Mtungi ungeweza kupunjwa kiwandani, ungeweza kufyonzwa njiani na wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi gizani. Wakala wa Vipimo nao wana wajibu wao hapa, lakini leseni ya muuzaji inatoka kwenu.

Nataka kulinganisha na umeme, kwa sababu watu wa mjini tunaulalamikia sana na wakati mwingine tunausingizia. Ukinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ujumbe unakuja umechambuliwa: uniti ngapi, VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Tangu Agosti 2021 na kodi ya majengo imo, jambo ambalo wapangaji tuliona ni uonevu, maana nyumba si yetu na anayenunua umeme ni sisi. Lakini angalau uonevu ule uliandikwa. Tuliuona kwenye ujumbe, tukapiga kelele, tukabishana na wenye nyumba, wengine wakakatiwa kwenye kodi ya pango. Gesi ikipanda shilingi 2,000 hakuna ujumbe. Hakuna wa kubishana naye. Unasikia tu, "Imepanda, mama," na ukiuliza kwa nini, jibu ni dola. Dola ikishuka, sijawahi kusikia "Imeshuka, mama." (Ile asilimia 1 ya EWURA naifahamu vizuri. Ndiyo inayonipa ujasiri wa kuwaandikia.)

Kuna swali lingine ambalo kila mtu mtaani analo na hakuna anayelijibu kwa lugha nyepesi: mbona tuna gesi yetu? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Tunaambiwa kwamba nchi ina gesi ya futi za ujazo trilioni 57. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki, na wapo waliopoteza maisha. Gesi ikatoka. Bomba kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni 1. Sasa mtu wa Mtwara anaingia dukani kununua mtungi wa gesi iliyotoka ng'ambo kwa meli. Mnategemea aamini nini?

Nimejielimisha, na jibu si la siri wala la aibu. Gesi yetu karibu yote ni methani. Methani haikubali kuwa kimiminika kwenye mtungi wa kawaida, inataka ubaridi wa nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Ya mtungini ni propani na butani, ambazo zinatokana zaidi na kusafisha mafuta na kuchakata gesi nzito, na sisi hatuna kiwanda cha kusafisha mafuta. Ndiyo maana inaagizwa. Gesi asilia yetu inaingia jikoni kwa bomba tu, na nyumba zilizounganishwa, kule Mikocheni, Sinza, eneo la Chuo Kikuu, Mtwara na Lindi, bado hazijazidi elfu chache. Bomba lile kubwa lilijengwa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na halijawahi kufika hata nusu. Tangu 2024 Bwawa la Julius Nyerere nalo limeanza kuzalisha umeme, likaipunguzia mzigo mitambo ya umeme wa gesi. Kwa hiyo gesi ipo, nafasi kwenye bomba ipo, na Sheria ya Petroli ya 2015 iliwakabidhi ninyi udhibiti wa usafirishaji na usambazaji. Sisemi mchimbe mtaro hadi Mbagala mwezi ujao. Nasema mtu akielezwa hivi, aya moja tu, hasira yake inapata mahali sahihi pa kwenda. Miaka yote hii hakuna aliyemweleza, ndiyo maana anaamini gesi yake imeuzwa na anauziwa ya wengine.

Nirudi kwenye bei. Najua mtaniambia biashara ya gesi ya mitungi iko kwenye soko huria, kila kampuni inaagiza shehena yake, na bei ya msingi haipangwi Dodoma. Ni kweli. Lakini si kweli kwamba haipimiki. Kila mwezi Saudi Aramco hutangaza bei ya propani na butani kwa tani, na wanunuzi wa ukanda huu wote hufanya hesabu zao kuanzia hapo. Ongeza nauli ya meli, bima, tozo za bandari, thamani ya dola siku hiyo, kujaza, lori, faida ya kampuni, faida ya wakala, faida ya duka. Ni hesabu ileile mnayoifanya kwa mafuta ya taa. Afrika Kusini bei ya juu ya rejareja ya gesi hii hutangazwa kila mwezi tangu 2010, kanda kwa kanda, tena Jumatano ya kwanza kama ninyi. Na gesi bado inauzwa.

Mnaogopa kwamba ukiweka kikomo bidhaa inajificha? Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2023 tuliona vituo vikisema mafuta yamekwisha wakati mapipa yamejaa, mkafungia leseni za wengine. Mama aliyekosa gesi jioni hafarijiki kwa kusikia bei kikomo ni nafuu. Kwa hiyo sidai kikomo cha kisheria kesho. Anzeni na bei elekezi: tangazo lilelile, jedwali moja la ziada, bei ya kilo moja ya gesi kwa kila mkoa pamoja na mchanganuo wake. Muuzaji atakayeuza juu yake auze, lakini nitamwuliza kwa nini nikiwa na karatasi mkononi, na jirani yake anayeuza chini atapata wateja. Bei iwe kwa kilo, si kwa mtungi, ili 4,000 na 3,700 zionekane ubavu kwa ubavu na kampuni zieleze tofauti hiyo inatoka wapi. Hata hii mitungi yenye mita, ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambayo mimi naipenda sana kwa mtu wa kipato cha siku, haitasaidia kitu kama hatuoni kilo moja inatugharimu kiasi gani.

Na mizani. Kanuni ipo, leseni zipo, wakaguzi mnao. Duka lisilo na mizani lisiuze gesi. Anayetaka kuuza atanunua mizani, si ghali kuliko mitungi mitatu. Na duka la gesi liwe na bango la bei kama lile la kituo cha mafuta, na humo liwepo neno moja kwa herufi kubwa: PIMIWA. Baraza la Watumiaji, EWURA CCC, linaweza kulisema redioni hadi watoto walijue.

La mizani linaweza kuanza kwa waraka wenu mmoja, halisubiri Bunge wala bajeti. La jedwali najua litagusa watu, na watu hao ofisi yenu wanaifahamu vizuri kuliko mimi, wana namba zenu za simu na wanasheria wa kuwaandikia barua nzuri zaidi ya hii. Jibu lenu mkilitoa, naomba litoke Jumatano ya kwanza ya mwezi, mahali palepale tunapotafuta bei ya petroli.

Wenu,
Mpangaji na mpika chapati,
Mbagala, Dar es Salaam.