Akaunti uliyoitelekeza inakuchafulia jina

Mhariri,

Wengi hudhani ovadrafti, yaani benki kukuruhusu kutumia pesa kuzidi salio la akaunti yako, si mkopo kwa kuwa hawakukaa mbele ya ofisa mikopo. Ni mkopo, tena wenye riba. Salio likiingia hasi siku mbili tatu ukalirudisha, kwa kawaida hakuna kinachoharibika. Hatari ni akaunti uliyoitelekeza: mshahara umeshahamia benki nyingine, huku ada za mwezi zikiendelea kukatwa na deni dogo likinenepa kimyakimya. Benki ikichoka humkabidhi mkusanya madeni deni hilo, na taarifa zako hufika kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Ukija kuomba mkopo wa nyumba, unaweza kukataliwa. Benki nazo zituonye mapema. Mbona ujumbe wa matangazo hazisahau kututumia?

Msomaji wako