Malalamiko: Kipimo cha mvua cha zamani kilichotumwa kwa muda mpya

Wete, Pemba
7 Novemba

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Assalamu alaykum.

Nimelipia kifurushi chenu cha orakeli, yaani huduma ya kuupelekea mkataba janja data ya nje, miezi mitatu sasa, dola 49 kila mwezi, ili mkataba janja niliouandika, programu inayolipa yenyewe masharti yakitimia, upate kiwango cha mvua ya hapa Wete. Mkataba ulio kwenye blokucheni, daftari la kidijitali la kumbukumbu zisizofutika, hauoni nje wenyewe. Huletewa, na huamini unacholetewa.

Ni mradi wa majaribio, wa waanikaji karafuu 14. Mvua ikizidi milimita 20 kwa siku, kila mmoja hulipwa fidia, maana karafuu ikirowa jamvini hushuka daraja, na mchumaji keshachukua pesa ya pishi zake.

Tarehe 3 mvua ilianza baada ya adhuhuri ikapiga hadi magharibi. Watu walianua mbio, wengine hawakuwahi. Saa kumi na mbili jioni mkataba ukasoma kwenu milimita 0.4, ukafunga siku. Hakuna aliyelipwa.

Kuchelewa ningevumilia. Niliweka kinga: data yenye umri unaozidi muda wa saa mbili, mkataba unaikataa na kusubiri. Ninyi mkaivunja kinga hiyo kwa kutuma 0.4 ileile kila saa, kila mara na muda mpya. Kumbukumbu ziko kwenye blokucheni, hafuti mtu: tangu saa sita usiku hadi jioni ile, mara 19 mfululizo. Kumbe muda mnaoandika ni wa kutuma, si wa kupima. Tena mnatangaza vyanzo vitatu huru. Vitatu vikagandaje pamoja siku nzima? Mimi naona ni kimoja tu.

Mhudumu wenu alinijibu kuwa mfumo ulikuwa hewani. Hata redio inayokoroma iko hewani.

Fidia nimeitoa mfukoni mwangu. Mzee mmoja aliipokea, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako haikuisikia mvua juu ya bati?" Sikuwa na jibu.

Naomba mnirejeshee dola 49 za mwezi huu, mnitajie vyanzo vyenu kwa maandishi, na kila kipimo kije na nyakati mbili, wa kupimwa na wa kutumwa. Kifurushi hujilipa chenyewe tarehe 20, kadi nimeshaizuia. Nijibuni kabla ya hapo, vuli haijesha na watu wameshaanika tena.

Mteja wenu,
Mtayarishaji programu, Wete