Alikula nini jana? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Sisi hapa Muheza hatujambo, ila mguu wa baba yako bado unamsumbua. Nimesikia umepata ile kazi ya udadisi, na juma lijalo mnaingia vijijini na madodoso ya chakula cha saa 24. Ulimwambia dada yako ni kazi rahisi, unauliza mtu alikula nini jana, basi. Hapo ndipo nikachukua kalamu.

Mtu ukimuuliza atakujibu "ugali na mboga". Hakudanganyi. Kwake muhogo alioutafuna shambani si chakula, embe aliloliokota njiani si chakula, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari ndiyo kabisa. Mwache kwanza ataje mwenyewe, usimkatize. Akimaliza, mrudishe tangu alipoamka: alipowasha moto alitia nini mdomoni? Alipokwenda kuteka maji je? Alionja mchuzi? Ila usimwambie, "Asubuhi ulikunywa maziwa, sivyo?" Atakubali kwa adabu tu, wewe ni mgeni wake.

Kiasi ndicho kitakachokutoa jasho. Sinia ni moja, mama na watoto watano, yeye alikula sehemu gani? Mimi nilikuwa naomba bakuli lake mwenyewe, atie maji mpaka pale mchuzi ulipofika, kisha napima yale maji. Kwa ugali, kama kiporo kimebaki, namwomba amege tonge la kawaida yake, naliweka kwenye mizani, halafu tunahesabu matonge. "Fungu la mchicha" usiliandike hivyo hivyo. Fungu la masika si fungu la kiangazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi na madodoso yanayoonyesha kitongoji kizima kinakula nyama kuliko mjini. Nilijisifu! Kumbe jana yake palikuwa na arobaini, kila mtu amekula pilau. Uliza kama siku ilikuwa ya kawaida, na uandike jibu hata kama fomu haina nafasi. Na ndiyo maana baadhi ya nyumba hurudiwa siku nyingine: siku moja ya watu wengi inakupa wastani wa kijiji, haikupi mazoea ya mtu mmoja.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike, maana wengi walionitangulia kusoma walikosea hapa. Wamarekani wanapendekeza miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50. Ukipata mama ambaye chakula chake cha jana kina 12, usimwambie amepungukiwa. Ile 18 imewekwa juu makusudi, ili itoshe karibu wanawake wote wenye afya, 97 au 98 katika 100, wakiwemo wanaotoka damu nyingi ya hedhi. Nusu yao hutosheka na 8 na kidogo. Ukitaka kujua wangapi kijijini wako hatarini, unaanzia kwenye hiyo ya chini, si 18. Na kama mama huyo ana upungufu wa damu, kipimo cha damu ndicho kitakachosema, si daftari lako.

Ila usiichukue ya Marekani ukaibandika kwetu. Wao wanakula nyama. Chuma cha mchicha na maharage hakinyonywi kirahisi, kwa hiyo jedwali la FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, linapanda hadi miligramu 29.4 pale mwili unaponyonya asilimia 10 tu ya chuma kilicholiwa. Ndimu juu ya mboga inasaidia, chai pamoja na mlo inaharibu. Kwa hiyo andika na saa. Chai ya saa kumi si sawa na chai iliyoteremshia ugali.

Beba betri za akiba za mizani, na kitambaa cha kuifutia. Ukikaribishwa kula, nawa mikono ule, lakini funga dodoso kwanza, maana wakijua utakaa mezani, mboga ya jana itageuka kuku.

Mama yako