Dada, maji ya Ain Musa ni ya bure

Dada,

Shikamoo. Mwanao alinipigia juzi baada ya Magharibi. Alizunguka mno, mara shule, mara foleni za Dar, mpaka mwisho akasema: "Mama mdogo, mama anauliza ule mpango wako wa Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani, ule wa bei nafuu. Wakimaliza umra kikundi chao kinapitia Jordan, na yeye anataka siku zake mbili tatu peke yake." Nikamwambia nitaandika. Ningeweza kumtumia ujumbe akusomee, yakaisha. Lakini wewe ulinisema mbele ya watu, na mimi nakujibu mbele ya watu. Nakujibu kwa nauli na bei ya chumba, maana ndicho ulichouliza.

Anza na viza. Usikate tiketi kabla hujaulizia ubalozini, hata kama kiongozi wa kikundi anakuapia kwamba yote yako tayari. Kisha ipo pasi inaitwa Jordan Pass, inanunuliwa mtandaoni kabla hujaingia nchini. Nilipokwenda mimi, ile yenye siku mbili za Petra ilikuwa dinari 75, na anayelala nchini usiku tatu anasamehewa ada ya viza ya kuingilia. Bila pasi, tiketi ya Petra peke yake ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili, 60 kwa siku tatu. Dinari moja ni dola moja na senti arobaini hivi, kwa hiyo hesabu mwenyewe: tiketi ya siku mbili inakaribia laki mbili za kwetu. Inauma, najua. Lakini siku ya pili umeongeza dinari tano tu, na siku ya pili ndiyo utakayoiona Petra. Siku ya kwanza mtu huwa anashangaa tu.

Kutoka Amman yako mabasi makubwa ya JETT, yanaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli dinari kumi na kitu kwenda. Mimi sikupanda hayo. Nilikwenda kituo cha kusini, Wihdat, nikapanda basi dogo linaloondoka likijaa, kama daladala za kwetu tu. Usiogope. Konda atahamisha wanaume watatu wanne mpaka upate kukaa na mwanamke mwenzio. Ni mwendo wa saa tatu na zaidi, nje jangwa tupu, mji wa kufikia unaitwa Wadi Musa. Vyumba vilivyo karibu na lango la Petra vina bei. Panda mlima kidogo, bei inashuka. Ila goti lako lile ndilo la kuliuliza kabla hujapanda.

Humo ndani chakula ni ghali, beba chako. Nilibeba mkate, mayai ya kuchemsha na tende. Mlangoni utaambiwa farasi yumo kwenye tiketi. Ni kweli yumo, lakini mwenye farasi atataka bakshishi, na mkianza kubishana utamaliza asubuhi yako pale. Tembea. Ule mpasuko wa mwamba, Siq, una urefu wa kilomita moja na robo hivi, kivuli kitupu, na ukifika mwisho wake ndiyo unaiona ile Hazina, jengo la karibu mita 40 kwenda juu, lote limechongwa kwenye mwamba mmoja.

Unaijua tayari. Ndiyo ile ya kwenye kalenda.

Nataka uikumbuke ile kalenda, Dada, kwa sababu watu wote wanadhani safari ile niliibuni mimi. Wewe ndiye uliyeileta, ukaitundika sebuleni, na mwaka ulipokwisha ukakata tarehe ukabakiza picha. Wewe ndiye uliyesema usiku ule umeme umekatika, "Tutakwenda sisi wawili, tukashike ukuta tuone kama rangi inabaki mkononi." Baba alikuwa ametupeleka kwenye magofu ya Tongoni wiki ile, tukatia vidole kwenye vile vishimo vya nguzo za makaburi, palipong'olewa bakuli za Kichina. Ukaniambia kule hakuna cha kung'oa, kwa sababu nyumba na mlima ni kitu kimoja. Nilikuwa darasa la tano. Nikawa mwalimu wa historia kwa maneno yako yale, hilo sijapata kukwambia.

Nimekwambia sasa. Rangi haibaki mkononi.

Ukiwa Siq usitazame juu tu kama wengine. Tazama ukutani, utaona mifereji imechongwa kwenye mwamba ubavuni mwako. Wanabati, wenyewe walioujenga mji ule, walileta maji ya chemchemi mpaka katikati ya jangwa kwa mifereji ile na mabomba ya udongo, na mvua waliikinga kwa visima. Mlangoni mwa Siq wakajenga bwawa kuyageuza maji ya bonde yasiwamwagikie. Siku maji yalipopita yalikuwa hayaulizi mtu: mwaka 1963 mafuriko yaliwakuta watalii wa Ufaransa mle ndani, wakafa zaidi ya ishirini. Wakikwambia leo mvua, usiingie. Nenda Machi mpaka Mei, au Septemba mpaka Novemba. Januari kule huweza kuanguka theluji.

Na si mji wa Thamudi. Ulilisema hilo nalo, kwamba nimekwenda kwenye mji wa waliolaaniwa. Mji wa Thamudi ni al-Hijr, uko Saudia, karibu na Al-Ula, mbali sana kusini. Wanabati walichonga huko pia, ndiyo maana picha zinafanana. Wajukuu wa baba yetu wasikusikie ukichanganya.

Sasa hayo maji.

Wadi Musa, juu kabisa mji unapoanza, kuna jengo dogo lenye kuba tatu nyeupe. Ndani yake ndiyo Ain Musa, chemchemi ambayo wenyeji husema Nabii Musa alipiga mwamba kwa fimbo maji yakatoka. Hakuna tiketi. Watu wanashusha madumu kwenye magari wanateka, kama wanavyoteka watu popote. Mama aliniomba vitu viwili tu, na vyote havikugharimu kitu: maji ya pale, na nikamsalimie Nabii Harun, ambaye wenyeji husema kaburi lake liko mlimani kule. Nilijaza chupa ya nusu lita yenye kifuniko cha buluu. Mama alikuwa akinywa kifuniko kimoja kila asubuhi baada ya Alfajiri, na Bismillahi yake, kisha anameza vidonge vyake vya presha. Maji kwanza, kisha vidonge. Hajaacha vidonge hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikivihesabu.

Siku ya hitima ulitoka chumbani kwake na chupa ile. Nilikuwa uwani nimeshika birika, nawanawisha wageni. Ilikuwa imebaki vidole viwili. Ukainyanyua kila mtu akaiona, ukasema, "Haya ndiyo aliyoletewa mgonjwa badala ya dawa." Ukafungua, ukamwagia mirehani ya kwenye kopo, taratibu, mpaka tone la mwisho. Hukupaza sauti. Ungepaza sauti ningesema ni uchungu wa msiba. Shangazi aliinamisha uso. Yule bibi wa nyumba ya pili akaendelea kuchagua mchele kama hajasikia. Na mimi, Dada, nikaendelea kunawisha. Nikamaliza mkeka mzima, mkono kwa mkono, kila mmoja ananiangalia vidole asiniangalie uso.

Mwaka wa pili huu naiosha mikono ile kila nikilala.

Badala ya dawa ipi? Kadi ya bima ya mama ilikuwa inakatwa kwenye mshahara wangu. Nyumba ile ya Barabara ya Kumi na Nne nilikuwa naishi naye mimi, wewe unakuja Idd na mifuko ya zawadi, mnapiga picha, mnarudi. Tiketi niliichanga miaka minne, kwa masomo ya jioni ya wanafunzi wa kidato cha nne, na nilikwisha kuilipa kabla hajaanza kuvimba miguu. Nilitaka kuiacha. Nilipiga simu kwa wakala, wakasema pesa hairudi. Mama akasema, "Nenda, mwanangu, mimi sifi leo." Nilipanga vidonge vyake kwenye vikopo vinane, siku kwa siku, nikaandika kwa kalamu nyekundu. Nilikuomba uje ukae naye siku nane. Siku nane tu. Ulisema utakuja, ukamtuma mwanao, mtoto wa miaka kumi na tisa, na Mungu ambariki alimtunza vizuri kuliko mtu yeyote. Nilirudi mama ni mzima. Kiharusi kilimchukua miezi mitatu na nusu baadaye, mimi nikiwa jikoni, hatua sita kutoka kitandani kwake. Sijui mnataka niwe karibu kiasi gani.

Nisamehe. Nilisema nitaandika nauli.

Panda mpaka Deir, jengo jingine kubwa la kuchongwa, juu mlimani. Ni ngazi zaidi ya 800, lakini anza baada ya Adhuhuri kivuli kikiwa upande wako, pumzika kila unapomkuta mama wa Kibedui anauza shanga, nunua chai kwake. Wengi wao wazee wao waliishi kwenye mapango yale mpaka miaka ya themanini, walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun. Ongea nao Kiarabu chako cha madrasa, watafurahi. Ukipita Deir kidogo kuna mahali pa kusimama, mbele yako milima yote, na juu ya ule mrefu kabisa utaona kidoti cheupe. Ndiyo kuba ya Nabii Harun.

Mzungu Burckhardt, aliyejiita Sheikh Ibrahim, mwaka 1812 aliwadanganya wenyeji kwamba ana nadhiri ya kuchinja mbuzi pale, ili tu wampitishe Petra. Huwa nawafundisha wanafunzi kisa hicho na wanacheka. Mimi sichekeshwi nacho tena.

Kwa sababu sikufika, Dada. Kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima, na mtu wa kukuongoza anataka pesa yake, nami nilikuwa nimebakiwa na dinari kumi na moja. Nilisimama pale nikasoma Fatiha nikitazama kidoti cheupe, upepo unanivua mtandio. Niliporudi mama akauliza, "Ulifika?" Nikamwambia nilifika. Akauliza mlango uko upande gani. Nikamwambia kibla.

Alifurahi mno. Alimwambia kila aliyekuja kumwona, na nadhani na wewe alikwambia. Uliponisema siku ile mbele ya mkeka, nusu ya kilichonifunga mdomo ni hilo. Nilidhani unajua.

Kwa hiyo weka akiba ya mtu wa kukuongoza. Usichukue pesa yako yote ya matumizi ukaimalizia Makka kwenye vitambaa. Kama goti litakubali, nenda na punda mpaka chini ya mlima, alfajiri na mapema, halafu panda pole pole. Soma Fatiha kwa jina la mama. Utazame na mlango uko upande gani, uniandikie.

Chupa ninayo. Niliiokota jioni ile ulipokwenda kulala. Nimeifunga kwenye kanga yake ya kijani, naitia kwenye basi la kesho asubuhi, mwanao akaipokee Mbezi. Ukishaijaza iweke kwenye begi la kupakia, si la mkononi, uwanja wa ndege watakunyang'anya. Na kifuniko kimelegea siku hizi. Kaza, kisha zungushia mfuko wa nailoni mara mbili, uisimamishe katikati ya nguo.