Risala ya kikundi cha watu wanaoishi na kifafa na walezi wao kwa mgeni rasmi, Siku ya Kimataifa ya Kifafa, Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa chama na serikali, viongozi wa dini, walimu, wazazi na walezi, tunawasalimu kwa heshima na taadhima. Mheshimiwa, tunajua ratiba yako imebana na barabara ya huku mvua hizi haina huruma. Umefika. Tunashukuru sana, na kwa kuwa umefika tutasema yote.

Historia yetu ni fupi. Tulianzia chini ya mparachichi wa zahanati, walezi wakisubiri dawa siku ya kliniki. Leo tuna katiba, akaunti, muhuri, na viti vya plastiki tunavyokodisha kwenye harusi na misiba. Mradi wa kuku wa mayai unakwenda vizuri, ingawa kwa sasa kuku wenyewe wamepungua. Aidha, tumeielimisha jamii kwa kiwango kikubwa: mtu akianguka, wengi sasa wanamlaza ubavu, wanamsogeza mbali na mafiga na wanatazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, anapelekwa hospitali. Vijiko mdomoni vimepungua. Kwa hilo, Mheshimiwa, tunaomba makofi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, watu huona kuanguka tu. Hawaoni kumbukumbu inavyoliwa. Kwa wengi wetu kifafa huanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ambayo kazi yake mojawapo ni kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mtu anaimba nyimbo za utotoni beti zote, lakini alichoagizwa sokoni asubuhi hana. Akishikwa usiku, usingizi unakatika, na aliyojifunza mchana hayakai.

Darasani ni kimya zaidi. Mwalimu anasoma imla. Mtoto anaduwaa sekunde kumi, penseli imesimama, kope zinapepesa kidogo, kisha anaendelea kuandika. Daftari lina sentensi ya kwanza na ya tatu. Ya pili hakuisikia kabisa, na akikusanya anaandikiwa "ongeza umakini". Walimu mliopo, hatuwalaumu. Tunaomba mumweke mbele, mmpe agizo moja moja, na mliandike ubaoni.

Dawa nazo zina sehemu yake. Fenobabitoni inazuia kuanguka, ni ya bei nafuu na inamezwa mara moja usiku, lakini kwa baadhi ya watoto inapunguza wepesi wa akili. Usahaulifu unaongeza lake: mtu hakumbuki kama amemeza, anameza tena, kesho yake anayumba. Tumefundishana kufunga vidonge kwenye karatasi saba za siku saba, na kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani baada ya chakula cha usiku. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri sana. Unahitaji kitu kimoja tu, Mheshimiwa: vidonge.

Hapo ndipo lilipo ombi letu, na mengine yote yanaweza kusubiri.

Fenobabitoni haiachwi ghafla. Mwili ulioizoea ukiikosa, kifafa hurudi kikali kuliko mwanzo, na mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kurudiwa na fahamu. Si dawa ya kuazima kwa jirani wala ya kununua kiholela, kwa sababu ni dawa inayodhibitiwa. Kubadilishiwa tu ile iliyopo nako si suluhisho: kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, inamfaa sana mwenye aina fulani ya kifafa, lakini yule mtoto wa kuduwaa inaweza kumzidishia. Na mwezi mmoja bila dawa hauishi mwezi ule. Mtoto akianguka mara kadhaa, hata darasa alilokuwa amelielewa linampotea, na muhula umekwenda.

Kwa nini dawa inakwisha? Tumefuatilia. Zahanati inaagiza kwa kuangalia matumizi yaliyopita. Dawa ikikosekana, anayerudi mikono mitupu haandikwi popote, daftari linaonesha matumizi madogo, na oda inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Kila uhaba unazaa uhaba mwingine. Hesabu yenyewe si ngumu: anayemeza kabamazepini ya miligramu 200 asubuhi na jioni anatumia vidonge 60 kwa mwezi. Watu kumi, vidonge 600. Akiba ya miezi mitatu, 1,800.

Kwa hiyo tunaomba oda ifuate orodha ya wagonjwa, ambayo tunayo na tutakukabidhi leo, na zahanati iwe na akiba ya miezi mitatu. Tunaomba pia kila anayekosa dawa aandikwe. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Huku kwetu wengi wa hao saba wanakwama kwenye dirisha la dawa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea hapa hapa, akaahidi dawa ndani ya wiki mbili, na tulimpigia makofi marefu. Wa mwaka jana alitueleza kuwa lipo kwenye mchakato. Wewe si mdaiwa wa ahadi zao, na hatungethubutu kusema hivyo. Nakala za risala hizo tumeziambatanisha tu, kwa kumbukumbu, maana sisi tunasahau.

Suala la nguruwe wanaozurura tunaligusia kwa ufupi: nguruwe hula kinyesi chenye mayai ya mnyoo wa tegu, na mtu akila nyama yake isiyoiva humpata mnyoo huyo. Mayai ya tegu hutoka kwenye choo cha mtu huyo, yakiingia mdomoni kwa maji au mikono michafu hufika hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mabanda na vyoo, afisa mifugo na afisa afya wakae pamoja.

Mwisho, tunaomba kabla ya soda ututajie mambo mawili: tarehe, na jina la mtumishi tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita.

Tunaomba kuwasilisha.