Saa ya kurudi kutoka funguni iwe ya nahodha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme la matembezi ya baharini siku za sikukuu, hasa haya ya kwenda fungu la mchanga la Nakupenda, hapo mbele ya Mji Mkongwe.

Idi el-Fitri iliyopita, siku ya Idi pili, tulikuwa watu kumi na wawili: sisi saba wa Unguja na wenzetu watano waliovuka kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu. Tulikodi boti ya faiba yenye mashine moja. Nahodha, mtu mzima mwenye maneno machache, alitupa masharti yake tangu jioni ya Idi mosi: saa mbili tuwe pwani, saa saba tunang'oa nanga kurudi. Tukaitikia wote. Kulipokucha, huyu anatafuta mkaa, yule kanzu haijapigwa pasi, wa tatu simu haipokewi. Tumeondoka saa tano kasorobo.

Wavuvi hili hawana haja ya kuambiwa, lakini sisi wa mjini tumelisahau na wageni wetu hawajalisikia kabisa. Idi el-Fitri huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani siku za maji kupwa sana na kujaa sana. Kwa hiyo, mwaka nenda mwaka rudi, siku hizo maji hupwa sana asubuhi, kiasi cha saa nne au saa tano, na hujaa sana jioni, kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja. Tofauti baina ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Fungu ni mchanga mtupu, halina mti wala jiwe. Asubuhi mnacheza mpira, jioni pale pale inapita boti. (Idi el-Hajj ina afadhali, maana huwa siku ya kumi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, na maji ya siku hizo hayana nguvu hiyo. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu, ambao nao huleta bamvua, na miaka mingine huangukia bamvua vilevile.)

Saa saba nahodha akapiga mluzi. Pweza ndio kwanza yuko jikoni. Mmoja wetu akamjibu, "Mzee wetu, sisi tumelipia siku nzima." Akasema, "Saa kumi hapa wanapita samaki," akarudi kukaa tezi, nyuma ya boti. Tukacheka. Mkeka tuliusogeza mara ya kwanza, tukausogeza mara ya pili, na mara ya tatu hapakuwa tena na pa kuusogeza. Saa nane na nusu fungu limebaki kama ua wa nyumba, maji yanakuja kwa pande mbili na kukutana katikati, na watu wanabeba viatu kichwani.

Hapo ndipo boti ya jirani ikagoma kuwaka. Walikuwa watu tisa, wawili kati yao watoto. Huwezi kumwacha mtu pahala kama pale, tukawapakia. Boti iliyotoka na abiria kumi na wawili ikawa inarudi na ishirini na mmoja, mbali na nahodha na baharia wake. Jaketi okozi zilikuwa kumi na nne. Tangu asubuhi hakuna aliyeziulizia, nami simo katika waliouliza. Zilikuwa zimefungwa fungu moja chini ya ubao wa kukalia, kamba imekaza kwa chumvi hata ikabidi ikatwe kwa kisu tulichokatia ndimu. Ya kwangu haikuwa na kifungo. Binti wa miaka sita hivi akavishwa ya mtu mzima, ikampanda mpaka masikioni, akawa anachungulia kama kobe wa kisiwa cha Changuu. Mama yake alimshika ukanda njia nzima, vidole vimekuwa vyeupe.

Upepo ulikuwa umegeuka, boti imezama karibu na ukingo, baharia anafua maji, anayatoa nje kwa dumu lililokatwa. Asubuhi tulikwenda kwa chini ya nusu saa. Kurudi ilitukamata saa nzima, na katika kundi lililopiga picha mia mbili mchana kutwa, hakuna aliyetoa simu.

Simlaumu nahodha. Aliijua bahari na alisema mapema. Ila alijua pia kwamba akitukaripia, kesho tutamkodi mwenzake anayesema "hewala" kwa kila neno. Mwenye kulipa ndiye aliyekuwa nahodha siku ile, naye hajui bamvua ni mnyama gani.

Lililonikera zaidi ni hili. Wakati wa kuondoka alikuwapo kijana na daftari, akahesabu vichwa, akaandika. Tuliporudi, pwani ilikuwa tupu, hakuna wa kutuuliza tumerudi wangapi. Lau wenzetu wale tisa wangebaki kule, hakuna daftari ambalo lingesema wamekosekana. Na sisi Wazanzibari ndio tungekuwa wa mwisho kulipuuza hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi, sehemu ya msiba ilikuwa kutojua ilibeba watu wangapi. Na tusiseme hayo ni ya meli kubwa: tarehe 24 Novemba 2018, huko Mukono, Uganda, boti ya watu waliotoka kustarehe Jumamosi ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya 30.

Naomba wahusika wafanye mambo yasiyo na gharama kubwa. Saa ya kurudi iandikwe kwenye risiti, na ikifika, neno la nahodha liwe la mwisho, mteja apende asipende. Yule kijana wa daftari abaki mpaka boti ya mwisho ifike, ahesabu tena. Na pale pwani wanapokatia bei pawekwe ubao, uandikwe kwa chaki saa ya maji kupwa na saa ya maji kujaa. Jaketi zivaliwe kabla ya kung'oa nanga, na ziwemo za watoto.

Kwa upande wetu tumeshakubaliana: Idi ijayo saa mbili pwani, atakayechelewa aende akale urojo Forodhani. Jiko la mkaa tulilolisahau funguni lilikuwa la dada yangu, na mpaka leo ananidai.

Mkaazi wa Kikwajuni,
Unguja